Guni, Malenga na Mgeni: Namna Waandishi wa Kiswahili Walivyoukabili Uhakiki Mkali, na Funzo Lake kwa Burundi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna waandishi wa Kiswahili walivyoukabili uhakiki mkali wa kazi zao, kwa kurejelea mgogoro wa ushairi wa kimapokeo na ushairi huru uliopamba moto Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970. Mifano mikuu ni Euphrase Kezilahabi, pamoja na Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi. Hoja inayojengwa ni kwamba uhakiki wa wakati ule ulifumbata madai mawili yaliyochanganywa: dai juu ya utungo, na dai juu ya haki ya mtunzi kuhesabiwa miongoni mwa wenye lugha. Waandishi waliosimama walilijibu dai la kwanza kwa kusoma na kufafanua, na la pili kwa kuendelea kuandika. Funzo hilo linaelekezwa kwa Burundi, ambako mwandishi chipukizi wa Kiswahili anasubiriwa na madai hayohayo kutoka pande mbili kwa wakati mmoja.

1.0 Utangulizi

Kiswahili si mgeni Bujumbura. Katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza, na kusini kwenye ufuko wa Rumonge, lugha hii ilifika pamoja na misafara ya biashara na mitumbwi ya Ziwa Tanganyika, ikakaa sokoni, bandarini, misikitini na majumbani. Hata hivyo, fasihi andishi ya Kiswahili ya Burundi bado ni changa. Watunzi wa nchi hii waliojulikana nje ya mipaka yake, kuanzia Michel Kayoya hadi Roland Rugero, mtunzi wa riwaya ya Baho! (2012), wameandika zaidi kwa Kifaransa. Kuingia kwa Burundi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kufundishwa kwa Kiswahili shuleni pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, kumefungua njia kwa kizazi kinachoweza kutunga kwa Kiswahili na kuwa na matumaini ya kusomwa Kigoma, Dar es Salaam, Mombasa na Bukavu.

Kizazi hicho kitakutana na uhakiki mkali. Kitaambiwa kwamba Kiswahili chake kina harufu ya Kirundi, kwamba mashairi yake hayaimbiki, kwamba sentensi zake zimetafsiriwa kutoka Kifaransa. Baadhi ya maneno hayo yatakuwa ya kweli, na mengine yatakuwa njia ya heshima ya kumwambia mtu arudi kwao. Kwa mwandishi anayeanza, kushindwa kuyatofautisha hayo mawili ni hatari: akiyakubali yote ataacha kuandika, na akiyakataa yote hatajifunza.

Makala haya hayakusudii kutoa nasaha za jumla kuhusu uvumilivu. Yanachunguza tukio moja la kihistoria ambamo waandishi wa Kiswahili waliokuwa nje ya kitovu cha lugha walishambuliwa vikali, wakajibu, na kazi zao zikabaki. Tukio hilo limekwisha kuandikwa sana kama mgogoro wa umbo la shairi. Hapa linasomwa kama historia ya watu waliokosolewa.

2.0 Kuhakiki, Kukosoa na Kuumbua

Kiswahili kina hazina ya maneno yanayotenganisha vitendo ambavyo mara nyingi huchanganywa. Kuhakiki ni neno la ukoo mmoja na haki na hakika. Maana yake ya msingi ni kuthibitisha, kutafuta ukweli wa jambo. Kukosoa ni kuonyesha kosa ili lirekebishwe. Kusuta ni kumkabili mtu mbele ya wengine kwa neno alilosema au tendo alilotenda. Kuumbua ni kumvua mtu nguo hadharani. Vitendo viwili vya mwanzo vina utungo au kosa kama lengo. Viwili vya mwisho vina mtu.

Ukali hauko katika upande mmoja tu wa mgawanyo huu. Uhakiki wa haki waweza kuwa mkali kuliko matusi, kwa sababu hauachi pa kujificha. Vilevile kuumbua kwaweza kufanywa kwa maneno laini kabisa, kwa mfano kwa kumsifu mtunzi kuwa amejitahidi sana kwa mtu wa bara. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mwandishi aliyekosolewa anapaswa kujiuliza halihusu ukali wa maneno. Ni swali la lengo: limeguswa nini hapa, utungo au mtunzi?

Mgawanyo huu unasaidia kuusoma upya mgogoro wa ushairi, kwa kuwa takribani kila hoja iliyotolewa wakati ule ilikuwa na nyuso zote mbili.

3.0 Kanuni ya Kale ya Kujibizana

Ushairi wa Kiswahili haukungojea vyuo vikuu ili uwe na uhakiki mkali. Muyaka bin Haji (1776–1840) wa Mombasa alirushiana tungo na washairi wa Lamu, akiwamo Zahidi Mngumi, katika zama za uhasama wa miji hiyo miwili. Baadaye kurasa za mashairi katika magazeti, tangu Mambo Leo lililoanza kutolewa mwaka 1923, zikawa uwanja ambamo mtunzi wa Tanga aliulizwa swali na mtunzi wa Tabora, akajibiwa na wa Lindi. Mshairi aliyeshambuliwa hakukaa kimya wala hakuandika barua ya malalamiko. Alitunga.

Kujibizana huko kulikuwa na kanuni. Jibu lilitazamiwa lije kwa shairi, na mara nyingi kwa umbo lilelile la swali: bahari ileile, mizani ileile, pengine hata vina vilevile. Kwa kukubali umbo la mpinzani wake, mjibuji alithibitisha kwanza kwamba yeye ni fundi, ndipo hoja yake ikasikilizwa. Ustadi ulikuwa hati ya kuingilia barazani. Mtindo huu ulimpa aliyekosolewa kinga kubwa: alikuwa na njia ya kujibu iliyojulikana na kila mtu, na shambulio lenyewe likawa sababu ya kutunga shairi jingine.

Kinga hiyo ndiyo waliyoikosa waandishi wa ushairi huru. Mtunzi aliyelaumiwa kwa kuacha vina na mizani angejibuje? Akijibu kwa shairi la vina, amekiri kwa mkono wake kwamba vina ndivyo hati ya kuingilia. Akijibu kwa shairi huru, ataambiwa kwamba hajajibu, kwa kuwa hicho alichokileta si shairi. Kanuni ya kujibizana iliwageukia ikawa mtego. Bila kuuona mtego huu si rahisi kuelewa kwa nini walijitetea namna walivyojitetea.

4.0 Mgogoro na Madai Yake Mawili

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kitabu hicho kiliweka wazi masharti ya utunzi na kuufungamanisha ushairi na wimbo: utungo usioimbika ulikosa sifa ya msingi. Kwa miaka ishirini kilibaki rejea ya watunzi na walimu. Chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kiliwakusanya washairi wa mkondo huo, na Mathias Mnyampala akaueneza kwa ngonjera zake.

Mwaka 1974 Kezilahabi alichapisha Kichomi. Alikuwa amezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na lugha yake ya kwanza haikuwa Kiswahili. Diwani hiyo iliacha vina na mizani, na katika utangulizi wake mtunzi alitetea matumizi ya lugha ya kawaida ya watu. Miaka miwili baadaye Mulokozi na Kahigi walitoa Malenga wa Bara. Ebrahim Hussein naye alikuwa ametunga mashairi ya mkondo huo, likiwamo "Ngoma na Vailini". Upinzani uliofuata uliendelea kwa zaidi ya muongo mzima, ukafikia vitabu kamili kama Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka (1986) cha Jumanne Mayoka na Tungo Zetu (1988) cha Ibrahim Noor Shariff.

Istilahi yenyewe iliwaelemea watunzi wapya. Katika mapokeo, shairi lililoharibika vina au mizani huitwa guni. Kwa kipimo hicho, Kichomi nzima ilikuwa guni. Lugha haikuwa na jina la kuliita jambo jipya isipokuwa jina la kosa. Majina kama mashairi huru na masivina yalikuja kuzoeleka taratibu. Ni vigumu kujitetea kwa lugha ambayo imekwisha kukuhukumu kwa msamiati wake.

Dai la kwanza katika upinzani lilihusu utungo: shairi ni wimbo, vina na mizani hulifanya liimbike na likumbukike, na anayeviacha amelipunguzia shairi nguvu. Hili ni dai la kihakiki. Laweza kupimwa kwa kusoma, na laweza kukubaliwa au kukataliwa kwa sababu. Dai la pili lilihusu mtunzi: ameacha vina kwa kuwa haviwezi, na haviwezi kwa kuwa hakulelewa katika lugha. Ni msomi wa chuo kikuu mwenye mawazo ya Kizungu, tena mtu wa bara. Dai hili halipimiki kwa kusoma shairi lolote, kwa kuwa limekwisha kujijibu kabla shairi halijasomwa.

Dai la pili linavunjika kwa ushahidi mdogo tu wa jiografia. Amri Abedi, mwandishi wa sheria za ushairi, alizaliwa Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika hilihili, mbali sana na Lamu na Mombasa. Saadan Kandoro, mtetezi mwingine mashuhuri wa mapokeo, alikuwa mtu wa Ujiji pia. Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma. Upande wa pili, Ebrahim Hussein ni mzaliwa wa Kilwa, na Alamin Mazrui, ambaye diwani yake ya Chembe cha Moyo (1988) ina mashairi huru, ni mtoto wa Mombasa. Watu wa bara walijenga ngome ya mapokeo, na watu wa pwani walishiriki kuibomoa. Mahali alipozaliwa mtunzi hapakueleza chochote kuhusu umbo alilolichagua. Hata hivyo dai hilo liliendelea kusemwa, na hapo ndipo inapoonekana kwamba kazi yake haikuwa kueleza. Lilikuwa mlango wenye bawabu.

5.0 Namna Walivyojibu

5.1 Utangulizi kama ngao

Wakiwa wamefungiwa njia ya kujibizana kwa tungo, watunzi wapya walihamishia jibu lao katika nathari. Ndiyo maana utangulizi wa diwani ulipata uzito mkubwa katika miaka hiyo. Utangulizi wa Kichomi haukuwa mapambo ya kitabu; mtunzi alieleza alichokikusudia kabla hajaulizwa, ili atakayemhakiki ampime kwa kusudio hilo. Mulokozi na Kahigi walikwenda mbali zaidi. Katika Malenga wa Bara walidai kwamba vina na mizani si kiini cha shairi, na mwaka 1979 wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, kitabu kinachounganisha nadharia na tungo ndani ya jalada moja.

Mpangilio wa kitabu hicho unastahili kutazamwa. Amri Abedi alikuwa ameweka sheria na diwani pamoja mwaka 1954. Mulokozi na Kahigi waliweka kunga na diwani pamoja robo karne baadaye. Hawakuweza kumjibu mkongwe huyo kwa bahari na vina vyake, basi wakamjibu kwa umbo la kitabu chake. Kanuni ya kale ya kujibizana, iliyoonekana imewafungia nje, ilirudi kwa mlango mwingine. Uhakiki mkali hapa ulizaa kitu ambacho watunzi hao pengine wasingekiandika wangalipokelewa kwa shangwe: maelezo kamili ya wanachokiita ushairi.

5.2 Kulitwaa jina

Anwani Malenga wa Bara ni jibu la maneno matatu. Malenga ni jina la heshima kwa bingwa wa utunzi, na mwaka 1971 lilikuwa limetumika katika Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Bara ni neno lililotumiwa kumwekea mtunzi mpaka. Kwa kuyaunganisha, Mulokozi na Kahigi, ambao lugha zao za kwanza si Kiswahili, waliikubali tuhuma na kuikataa hukumu: ndiyo, sisi ni wa bara, na ndiyo, sisi ni malenga.

Tena diwani hiyo haikuyatupa mapokeo. Imekusanya tungo zenye vina na mizani na tungo zisizo navyo. Kwa njia hiyo ilikata mzizi wa shutuma kwamba mtunzi anaacha asichokiweza. Hii ni tofauti muhimu na njia ya Kezilahabi, ambaye katika Kichomi hakuona haja ya kuonyesha kwamba anaweza kufanya jambo asilotaka kulifanya. Njia ya kwanza ina busara ya mjadala. Ya pili ina ugumu wa msimamo. Mgogoro ulizihitaji zote mbili, kwani iliyofungua mlango kwa hoja isingekuwa na la kutetea kama isingekuwapo iliyousukuma kwa bega.

5.3 Kuhamia uwanja wa elimu

Kezilahabi alikuwa amekwisha kuonja ukali wa aina nyingine. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), inayosimulia maisha ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali na kupotea alipopata uhuru, ilizuiwa shuleni kwa muda kwa sababu ya namna ilivyozungumzia mapenzi. Uhakiki wa aina hii hauna sura. Mwandishi hana wa kujibizana naye, kwa kuwa amri haitoi hoja. Baadaye riwaya hiyohiyo iliingizwa miongoni mwa vitabu vya kusomwa shuleni. Aliyeikata kauli ile hakuwa mwandishi kwa maelezo yake. Walikuwa wasomaji na wakati.

Riwaya zilizofuata, Kichwamaji (1974) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975), zilipata lawama nyingine: katika zama za Ujamaa, zilipotazamiwa kazi zenye matumaini, baadhi ya wahakiki waliona ndani yake kukata tamaa. Kezilahabi hakuandika riwaya ya kuomba radhi. Katika miaka hiyohiyo alifanya utafiti wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu riwaya za Shaaban Robert (1976), kisha akaandika tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi (1985). Mtu aliyetuhumiwa kwamba hana mizizi alitumia miaka kumsoma mkongwe wa nathari ya Kiswahili, na mtu aliyetuhumiwa kwamba anaiga Ulaya aliandika tasnifu kuhusu ugumu wa kuifasiri fasihi ya Kiafrika kwa vipimo vya Ulaya. Matunda yake yalionekana katika Nagona na Mzingile, kazi ambazo nazo zililaumiwa, safari hii kwa ugumu. Mtetezi wa lugha ya kawaida akaambiwa haeleweki.

Kejeli hii ina funzo lake. Mwandishi hawezi kuandika kwa kuifuata lawama, kwa sababu lawama haina mwelekeo mmoja. Anayerekebisha kazi yake ili kumridhisha mhakiki wa leo atakuta wa kesho amesimama upande wa pili.

5.4 Kuendelea

Jibu la mwisho ndilo lisilo na hoja ndani yake. Miaka kumi na minne baada ya Kichomi, Kezilahabi alitoa Karibu Ndani (1988). Miaka ishirini baadaye tena, Dhifa (2008). Hakuna diwani kati ya hizo iliyorudi kwenye utaratibu wa vina na mizani. Ukizisoma anwani zake kwa mfuatano, utaona safari ambayo haihitaji kufafanuliwa sana: kwanza maumivu ya kifua, kisha mwaliko wa kuingia nyumbani, mwishowe karamu. Mtunzi aliyeambiwa hana nafasi barazani alijenga nyumba na kukaribisha wageni. Alipofariki mwaka 2020, mashairi huru yalikuwa sehemu ya kawaida ya masomo ya fasihi katika shule za Tanzania na Kenya, na kizazi kingine, akiwamo Kithaka wa Mberia, kilikuwa kimekwisha kutunga kwa umbo hilo bila kulazimika kujieleza.

Isisahaulike kwamba dai la pili, la nani ni wa lugha, halikuwahi kushindwa kwa hoja. Ushahidi wa Ujiji na Kilwa ulikuwapo tangu mwanzo na haukumnyamazisha mtu. Dai hilo lilichakaa tu, kwa kuwa kazi ziliendelea kutoka na wasomaji wakaendelea kuzisoma.

6.0 Haki ya Wanamapokeo

Ingekuwa dhuluma kuihitimisha habari hii kana kwamba wanamapokeo walikosea katika kila jambo. Dai lao la kwanza, lililohusu utungo, lilikuwa na uzito, na bado linao. Walisema kwamba shairi la Kiswahili limeishi katika sauti na kumbukumbu, na kwamba mtunzi akiondoa vina na mizani lazima aseme ameweka nini mahali pake. Swali hilo liliwalazimisha watunzi makini kutafuta muziki mwingine: urudiaji, usambamba wa sentensi, mapigo ya pumzi, ukatizaji wa mistari. Wasiokuwa makini hawakulisikia, na miongo iliyofuata imeshuhudia tungo nyingi ambazo ni nathari iliyokatwakatwa. Waliodhani uhuru ni wepesi walithibitisha hofu ya wapinzani wao.

Hapa panaonekana hasara halisi ya kuchanganya madai mawili. Kwa kumwambia Kezilahabi kwamba hana haki ya kutunga, mhakiki alimpa sababu nzuri ya kutosikia chochote kingine alichokisema kuhusu sauti ya shairi. Kila neno la kweli lililofungwa pamoja na tusi lilitupwa pamoja na tusi hilo. Huenda ushairi huru wa Kiswahili ungepata masikio mazuri zaidi mapema kama wenye ujuzi wa mahadhi wangelikuwa walimu wake badala ya mabawabu. Hasara hiyo iliwapata watunzi, na iliwapata wanamapokeo pia: ujuzi wao mwingi ulibaki bila warithi miongoni mwa vijana waliokimbia ukali wao.

7.0 Burundi: Mwandishi mbele ya Mabaraza Mawili

Mwandishi wa Kiswahili nchini Burundi yuko katika hali ngumu zaidi kuliko ile ya malenga wa bara. Wale walikuwa na baraza moja la kuwahukumu. Huyu ana mawili. Nje ya nchi anaweza kuambiwa kwamba Kiswahili chake ni cha ziwani, kimechanganyika na Kirundi na Kifaransa. Nyumbani, neno Umuswahili katika Kirundi cha mazungumzo limebeba kwa muda mrefu, pamoja na maana yake ya kawaida, maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Anayechagua kuandika kwa Kiswahili anaweza kuulizwa na jamaa zake kwa nini ameiacha lugha ya wazazi. Baraza moja linamwambia hajawa Mswahili. La pili linamwambia amezidi kuwa Mswahili. Yote mawili yanasema juu ya mtu, wala hayajafungua kitabu.

Historia iliyosimuliwa hapa inampa mwandishi huyo mambo matatu. La kwanza ni nasaba. Ujiji, ulikotoka Amri Abedi, upo upande wa kusini wa ufuko huohuo wa mashariki ambao Bujumbura na Rumonge zimeketi juu yake. Mtu wa Ziwa Tanganyika ndiye aliyeandika sheria za ushairi wa Kiswahili. Basi mtu wa ziwa hilo hawezi kuitwa mgeni katika ushairi huo, awe amezifuata sheria au amezivunja. La pili ni hazina. Kirundi kina ushairi wake ambao haukujengwa juu ya vina vya mwisho: ibicuba, zinazoimbwa ng'ombe wanaponyweshwa, na uimbaji wa inanga, ambamo sauti ya kunong'ona huandamana na nyuzi. Swali la wanamapokeo, kwamba umeweka nini mahali pa vina, lina majibu hapa. Mwandishi atakayelichukulia swali hilo kama swali, wala si kama tusi, ataweza kuleta katika Kiswahili muziki ambao bado haujasikika ndani yake.

La tatu ni ukumbi. Malenga wa bara walipata nguvu kwa sababu walikuwa na mahali pa kusomana: idara za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Farouk Topan alikuwa miongoni mwa waasisi wa ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili na mhariri wa Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili (1971). Mulokozi na Kahigi walikuwa wawili, na hilo lenyewe si jambo dogo kwa mtu anayeshambuliwa. Bujumbura imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kuwa na ukumbi wa aina hiyo: kusanyiko la kifasihi la Samandari, lililoanzishwa mwanzoni mwa muongo wa 2010 na kupewa jina la mhusika wa ngano za Burundi, liliwakutanisha waandishi na wasomaji kusikiliza kazi mpya na kuzijadili. Kusanyiko kama hilo likiwa na siku yake ya Kiswahili, kazi zingekosolewa na watu wanaomjua mtunzi kwa uso kabla hazijaumbuliwa na wasiomjua.

Wahakiki nao wana sehemu yao. Anayehakiki kazi ya Kiswahili kutoka Burundi hatakiwi kulegeza kipimo. Huruma inayosifu kazi mbaya ni dharau nyingine. Anatakiwa kutenganisha. Aseme sentensi ipi imevunjika na kwa nini, neno lipi limetumika pasipo mahali pake, mapigo gani yamepotea. Akifika mahali pa kusema mwandishi ni mtu wa wapi, ajiulize kama maelezo hayo yanaongeza chochote katika kuielewa kazi. Yasipoongeza, ayaache.

8.0 Hitimisho

Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili unaonyesha kwamba uhakiki mkali si kitu kimoja. Ulikuwamo ndani yake uhakiki uliotafuta hakika ya utungo, na ulikuwamo uumbuaji uliotafuta kumfukuza mtunzi. Kezilahabi, Mulokozi na Kahigi hawakuwa na ngozi ngumu kuliko wengine. Walijibu panapojibika: kwa utangulizi, kwa kitabu cha kunga, kwa miaka ya utafiti. Pasipojibika waliandika kitabu kingine.

Kwa mwandishi wa Buyenzi, Rumonge au Gitega anayeshika kalamu leo kuandika kwa Kiswahili, hiyo ni kanuni anayoweza kuitumia kesho asubuhi. Lawama inayotaja mstari, airudie kazi yake na mstari huo mkononi, hata kama imesemwa kwa kinywa kichungu. Lawama inayotaja kwao tu, aiweke kando na kugeuza ukurasa.